Juma la Msomaji wa Hadithi za Mapenzi

Kila mtu afanyaye kazi ana saa za aina mbili: saa anazompa mwajiri wake na saa anazobaki nazo mwenyewe. Za kwanza humpa chakula; za pili humwonyesha ni mtu wa namna gani. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi ya Serikali mkoani Tanga, na elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne. Mchana kutwa hupokea barua, hupiga mihuri, hufungua majalada na kuyafunga. Jioni husoma hadithi za mapenzi, na kutokana na hadithi hizo hutunga mashairi. Nayasema haya bila ya haya, ingawa najua kuwa wako watakaocheka.

Wachekao hunipa sababu tatu. Wa kwanza husema kuwa hadithi za mapenzi ni za vijana, wala hazimfai mtu aliyekwisha ota mvi. Wa pili husema kuwa hazina mafunzo, kwa kuwa mafunzo yamo katika historia, siasa na sayansi. Wa tatu, ambao aghalabu ni walimu na wazazi, husema kuwa zinaharibu tabia. Nia yangu katika insha hii si kuwashitaki watu hao. Nitaeleza tu asili ya mazoea yangu na jinsi juma langu linavyopita, ili msomaji apime mwenyewe kama muda huo umepotea au umelimwa.

Kupenda kwangu hadithi hizi nilikurithi kwa mama yangu. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata kina mama na kina baba waliokwisha zaa na kulea walikaa chini ya miembe, wameshika kalamu kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa mmoja wao. Vitabu vya kisomo vilikuwa vya manufaa: vilifundisha ukulima bora, ufugaji, usafi wa nyumba na afya ya mtoto. Mama aliviheshimu, akavisoma, akavimaliza. Lakini aliyejifunza kusoma ni kama mwenye jembe jipya; asipolitumia litashika kutu. Kilichomzuia mama asishike kutu hakikuwa kitabu cha mahindi. Kilikuwa kitabu cha mapenzi.

Kitabu hicho kilifika kijijini kwetu kimekwisha poteza jalada na kurasa zake za mwanzo. Kilitoka nyumba hii kikaingia nyumba ile, kimefungwa katika pindo la kanga kama fedha. Kwa kuwa mwanzo haukuwapo, kila mama aliyekisoma alitunga mwanzo wake. Mmoja alisema kijana na binti walikutana kisimani. Mwingine alisema walikutana msibani. Wa tatu akasema hasha, walichumbiwa tangu wangali wadogo. Jioni, huku wakisuka ukili, walishindana kwa hoja, wakirejea kurasa zilizobaki ili kuthibitisha. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, kazi yangu kushika kibatari. Pale ndipo nilipofahamu kuwa msomaji si mtungi wa kumiminiwa maji. Msomaji mwema hutunga pamoja na mwandishi.

Faida yake ilionekana punde. Baba alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na kabla ya kisomo barua za mama ziliandikwa na jirani. Mama alisema, jirani akaandika. Basi maneno ya mke kwa mumewe yalipita kwanza katika sikio la mtu wa tatu, na kwa sababu hiyo yalikuwa makavu: watoto wazima, mvua imenyesha, fedha imekwisha. Baada ya kisomo, na baada ya kitabu kile, mama aliandika mwenyewe. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimeinama kama minazi ya ufukweni, lakini yaliyomo yalikuwa yake. Baba aliitunza barua ya kwanza katika sanduku lake la chuma mpaka alipofariki. Sitayaandika hapa yaliyokuwamo, maana hayakuandikwa kwa ajili yangu wala kwa ajili yako, ndugu msomaji. Yatosha kusema kuwa kisomo kilimpa mama herufi, na hadithi ikampa ujasiri wa kusema la moyoni.

Sasa nieleze juma langu. Jumatatu na Jumanne ni siku za kusoma kimya. Baada ya chakula cha usiku husoma kurasa ishirini, hazizidi, maana hadithi ya mapenzi ni kama halua: mwenye pupa huimaliza asijue utamu wake. Kando yangu huweka daftari. Nikikuta sentensi iliyonikaa, huinakili. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa masijala, nimeyapanga maneno hayo kwa majalada: jalada la posa, jalada la wivu, jalada la kuagana, jalada la kuombana radhi. Baada ya miaka mingi nimegundua jambo. Jalada la kuagana ni nene kuliko yote, na jalada la kuombana radhi ni jembamba. Waandishi wetu ni mafundi wa kuwatenganisha wapendanao kuliko kuwapatanisha. Pengine ni kwa sababu kutengana hutokea kwa sentensi moja, na kupatana huhitaji sura nzima. Kijana anayetaka kuwa mwandishi angeweza kuanzia hapo.

Jumatano ni siku ya magazeti. Tangu ujana wangu magazeti yetu ya Kiswahili yamekuwa yakichapa hadithi za kuendelea, ambazo hukatika mahali pa hamu kubwa, chini yake pakaandikwa neno moja: itaendelea. Mimi huzikata kwa mkasi, nikazibandika juu ya karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo, kisha nikazishona kwa sindano na uzi mnene. Jalada hulifanya kwa kalenda ya mwaka uliopita. Kwa njia hiyo nimepata vitabu ambavyo haviko katika duka lolote. Gazeti la leo kesho hufungiwa vitumbua, na hadithi iliyomkesha mwandishi wake hupotea pamoja na mafuta. Anayeishona anaiokoa.

Wakati mmoja gazeti lilikoma kutoka kabla hadithi haijaisha. Mwanamke katika hadithi hiyo alikuwa ameachwa na mumewe kwa miaka minne, na mume sasa amerudi, amesimama mlangoni na mzigo wake. Basi, ikawa ndiyo itaendelea ya mwisho. Mke wangu, ambaye pia alikuwa akiifuata, alisema, “Bwana, tusikae na njaa. Wewe andika mwisho wako, nami niandike wangu.” Tukaandika, kila mtu na karatasi yake, tukabadilishana. Katika mwisho wangu mwanamke alimfungulia mume mlango, wakalia, wakasameheana. Katika mwisho wake mwanamke alimpa maji ya kunywa, akamketisha barazani, akamwuliza maswali saba, na mlango haukufunguliwa mpaka swali la saba lilipojibiwa. Hakuwa amekataa kusamehe. Alitaka kwanza kuulizwa hali yake. Niliusoma mwisho ule mara mbili, kisha nikamtazama mwenzangu ambaye tulikuwa tumekwisha ishi naye zaidi ya miaka ishirini. Usiku ule tulizungumza mpaka majogoo ya kwanza, juu ya mambo yasiyohusu gazeti. Miisho yote miwili nimeishona katika kitabu kile, wangu na wake, na kila aazimaye huchagua aupendao. Mpaka leo wengi huchagua wake.

Alhamisi ni zamu ya ushairi. Watu wengine husoma hadithi wakampigia mhusika makofi au wakamlaani. Mimi humwandikia. Humtungia shairi la kumjibu, la kumwonya au la kumpoza. Nilipokisoma upya kitabu cha Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilichotoka mwaka 1972, nilisimama kwa binti Bahati, anayempenda Idi kwa moyo wote, hali Idi anasukumwa na kiu ya mali, na nyuma yao yuko mzee Mwinyi, mwenye mali na kiu ya mapenzi. Bahati nilimtungia beti kumi, na mmoja wao ni huu:

Neno jema la mapenzi, halivunji taadhima,
Huiondoa simanzi, likarudisha uzima,
Ni kazi ya mfinyanzi, chungu chake akipima,
Soma kwanza ndipo enzi, moyo usiende hima.

Najua kuwa Bahati hatausoma. Lakini mtunzi anayejipa kazi ya kumshauri mtu wa kitabuni hulazimika kufikiri alipotelezea, na akisha kufikiri hivyo huwa amejishauri mwenyewe.

Ijumaa hazina langu huungana na la mke wangu. Yeye hudarizi foronya za mito, nami humpa maneno. Mwanafunzi ataona kuwa ni jambo dogo, lakini ajaribu. Foronya ina upana wake, na maneno lazima yaenee kutoka pindo hadi pindo bila ya kubanana na bila ya kupwaya. Nikimpa maneno saba hunirudishia, akaniambia, “Punguza, uzi haunitoshi.” Hakuna mhariri aliyenifundisha ufupi kama sindano ile. Kanga nayo ina sheria hiyo hiyo. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Vazi hili lilizaliwa katika pwani yetu katika karne ya 19, na maneno yake yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alijulikana kwa kanga zake hata chapa yake ya Mali ya Abdulla ikawa maarufu kila mahali. Kwa kanga mwanamke wa pwani amempenda mumewe, amemnunia, amemwonya jirani na kumshukuru mama mzazi, yote bila ya kufungua kinywa. Hiyo ni fasihi ya mapenzi inayovaliwa mwilini.

Jumamosi huenda maktaba ya mkoa. Nchi yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Kwa mtu wa kipato changu maktaba ni shamba ambalo sikulipalilia lakini naruhusiwa kuvuna. Huko ndiko nilikopata vitabu vya Zainab Burhani, mwandishi wa kike aliyetupa Mali ya Maskini mwaka 1981 na Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Kwa kumsoma yeye nilifahamu kuwa jambo la mapenzi likisimuliwa na mwanamke hupata pembe ambazo mwanamume hakuziona.

Jumapili jioni huwa na baraza. Mke wangu hutandika mkeka, huja jirani wawili watatu, na jamaa walio karibu. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza huku mikono yao ikifanya kazi: huyu anatoboa kofia ya viua, yule anafuma kitambaa cha meza, mwingine anachambua mchele. Mwisho wa sura tunafunga kitabu na kuuliza: nani amesema kweli, nani amedanganya, na tumejuaje?

Swali hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote niliyoyataja. Binti ya dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha tatu, alikuja kukaa kwetu likizo, akawa mshiriki wa baraza. Tulikuwa tumetumia Jumapili tatu kwa Kiu. Siku hizi barua haziji kwa bahasha; huja katika simu. Jioni moja alimwonyesha mkaza mjomba wake ujumbe aliotumiwa na mtu mzima mwenye kazi yake, ambaye alikuwa amemfahamu kwa siku chache tu. Ulikuwa ujumbe mtamu. Ulimwita malkia, ukamwahidi nyumba, ukamwomba asimwambie mtu. Mke wangu akaniita. Nilikuwa bado sijasema neno, binti akasema, “Mjomba, maneno haya nimekwisha yasoma.”

“Uliyasoma wapi, mwanangu?”

“Kwa Idi.”

Hapakuwa na haja ya hotuba. Binti yule hakumkataa mtu huyo kwa kuogopa fimbo. Alimkataa kwa kuwa alikwisha mwona kitabuni, akamsikiliza kwa sura nyingi, akajua njia yake inaishia wapi. Dada yangu na shemeji yangu waliarifiwa, wakamkabili mtu yule, naye hakuonekana tena. Binti amekwisha maliza kidato cha sita, na bado huniletea beti zake nizipime mizani.

Sasa nawarudia wale wasemao kuwa hadithi za mapenzi huharibu vijana. Marehemu Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye kikaruhusiwa. Ndani yake baba mmoja, Zakaria, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Hakuna anayekaa na Rosa kumfunza jinsi ya kuisoma barua hiyo. Analindwa kwa woga, na siku anapokuwa mbali na fimbo ya baba hana kinga nyingine, hata anaangamia. Wako waliokiogopa kitabu hicho kana kwamba kinafundisha uovu. Mimi nakisoma kama onyo kwa wazazi na walimu: binti aliyenyimwa lugha ya mapenzi na watu wampendao atafundishwa lugha hiyo na watu wasiompenda.

Nao wasemao kuwa jambo hili ni la kipuuzi na watazame historia yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeyatungia mambo makubwa ya siasa na vita vya mji wake, hakuona aibu kutunga juu ya mapenzi. Mwana Kupona aliona maisha ya ndoa ni jambo linalostahili utenzi, akamwachia binti yake wasia mwaka 1858. Shaaban Robert alimwomboleza mkewe Amina kwa shairi, na akaandika kitabu kizima alichokiita Mapenzi Bora. Mwalimu Nyerere, ambaye Desemba 1962 aliliambia Bunge kuwa anaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alipata wasaa katikati ya mizigo ya nchi wa kuutafsiri mchezo wa Shakespeare, nao ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mchezo huo una habari ya fedha na chuki, lakini una pia wachumba wanaochagua baina ya kasha la dhahabu, la fedha na la risasi ili wampate Portia. Kama mapenzi yangalikuwa upuuzi, watu hao wasingaliyapa kalamu zao.

Sisemi kuwa kila kitabu chenye neno mapenzi juu ya jalada kinafaa. Viko vinavyouza miili ya watu kama nyama buchani, na viko vilivyoandikwa kwa Kiswahili kilichokanyagwa. Mimi huvipima kwa maswali matatu. Je, wapendanao wanazungumza, au wanashikana tu? Je, mwanamke ana akili na kazi yake, au ni pambo la hadithi? Je, nikisha kukifunga kitabu nimepata neno moja ambalo naweza kumwambia mwenzangu kwa heshima? Kitabu kinachoshindwa maswali yote matatu hukirudisha, nikachukua kingine.

Kwa hiyo naomba neno kwa walimu. Mkikuta hadithi ya mapenzi chini ya dawati, msiitie moto. Isomeni kwanza. Ikiwa mbaya, mwulizeni mwanafunzi imekosa nini, mpaka aseme mwenyewe. Ikiwa njema, iazimeni. Kisha mpeni kazi: ang'oe katika mawazo yake kurasa kumi za mwanzo, atunge mwanzo wake, au aukatae mwisho wa mwandishi, atunge mwisho mwingine na kuutetea mbele ya wenzake. Hapo atajifunza insha, hoja na sarufi, na juu ya hayo atajifunza kuwa moyo wa mtu mwingine una sura nyingi.

Nanyi wanafunzi, shikeni daftari na sindano. Nakilini neno lililowakaa, shoneni hadithi iliyochakaa, tungeni ubeti hata kama mizani inachechemea. Lugha ya Kiswahili ina maneno ya kuongozea ofisi, mahakama na Bunge, na twajivunia kuwa nayo. Ina pia maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, yanayosemwa polepole, taa ikiwa imepunguzwa. Hayo ya pili hayatungiwi sheria wala hayapigiwi muhuri. Hayana masijala isipokuwa vinywa vyetu na vitabu vyetu, na yatabaki maadamu wako watu wanaoyasoma na kuyaandika.